Lete Filta ya Zamani

Kwa miaka ishirini na sita Nang Piyang ameuza spea hapa Malaybalay, mji wetu wa milimani mkoani Bukidnon, na sijawahi kumsikia akimuuliza mteja gari lake ni aina gani. Kwake hayo ni porojo. Karatasi za gari zinasema hivi, ukifungua boneti unakuta injini ya mtumba iliyoshuka kwenye kontena kutoka Japani, imekaa ndani ya mwili wa gari jingine kama mkwe aliyehamia ukweni. Magari mengi ya mji wetu ndivyo yalivyo. Muulize dereva injini hii ni ya nini, atakujibu kwa uhakika kabisa, na atakuwa amekosea.

Kwa hiyo sheria ya Nang ilikuwa moja, na kila dereva aliijua, kuanzia wa malori ya miwa hadi wa padre: lete ya zamani. Unafungua filta yako ya oili iliyochoka, unaitia kwenye mfuko wa plastiki, unaileta kaunta ikiwa bado inavuja matone meusi. Yeye anaipokea kwa mikono mitupu. Anaipangusa mdomo kwa kitambaa, anapitisha kidole gumba juu ya ile raba ya duara kupima upana wake, kisha anachukua bolti zake mbili zilizofungwa kamba na kutundikwa msumarini. Moja ni ya milimita ishirini, nyingine ya robo tatu ya inchi. Tofauti yao haifiki milimita moja, na kwa macho huwezi kuiona, ila ukizungusha bolti kwenye shimo la filta mkono unajua. Akishajua, anageuka kwenye rafu zake na kukuletea ndugu yake yule uliyemleta.

Jina lake kamili ni Serapia, lakini hata mume wake, Mungu amrehemu, alimwita Piyang; hilo Nang ndivyo kwetu tunavyomwita mwanamke aliyetuzidi umri. Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, hupenda magauni ya maua makubwa, na kucha zake hazijawahi kuwa nyeupe tangu nimjue. Ana mdomo. Siku moja alikuja dereva mmoja wa lori, kijana wa majivuno, akashika filta mbili, moja ya peso mia tatu na nyingine ya mia na ishirini.

"Nang, mbona hizi zinafanana kila kitu? Nipe hii ya bei nafuu."

"Wewe na kaka yako mnafanana?"

"Sana! Watu hutuchanganya."

"Na yeye hana akili?"

Duka zima lilicheka, na kijana akacheka pia, maana kutaniwa na Nang ni sehemu ya huduma. Kisha akaletewa zile filta zilizopasuliwa. Kila aina mpya ikiingia dukani, Nang huchukua moja, akaikata katikati kwa msumeno wa chuma, akaiweka chini ya kioo cha kaunta ili watu waone matumbo yake.

"Tazama hapa," alimwambia. "Hesabu mikunjo ya karatasi. Hii yako nafuu ina thelathini na mbili, na karatasi yenyewe ni ya kufungia samaki mkavu. Bonyeza. Unaona inavyolegea? Hii nyingine ina hamsini na nane. Na hii raba nyembamba ndani, kazi yake ni kuzuia oili isishuke yote chini gari likilala. Ya kwako haina. Asubuhi ukiwasha, injini inakoroma kavu kavu, wewe unasema ni baridi ya Bukidnon."

"Sasa mbona unaiuza?"

"Kuna watu wana mashine ya kukobolea mahindi, inafanya kazi saa moja kwa wiki. Hiyo inawatosha. Wewe unapandisha tani kumi mlimani. Rahisi ni ghali, mdogo wangu, ila leo unaruhusiwa kuchagua mwenyewe."

Alichagua ya mia tatu. Za bandia, zile zenye sanduku la kampuni kubwa na namba ileile, Nang haziuzi kabisa. Huzijua kwa kuzipima mkononi tu, nyepesi kama andazi la jana, na wachuuzi wanaozileta huondoka bila kunywa hata maji.

Mimi ni Wency, fundi. Gereji yangu inatazamana na duka lake, barabara tu ndiyo inayotutenga. Nilipoteremka kutoka mashamba ya mananasi miaka kumi na minane iliyopita nikiwa na spana nne na kiburi kingi, hakuna aliyenijua. Nang ndiye aliyekuwa akiwaambia madereva, "Mpeleke kwa yule wa ng'ambo, anafunga vizuri." Wema huo uko shingoni mwangu mpaka leo. Kwetu wema wa namna hiyo haulipiki na wala hausahauliki. Unaubeba tu.

Na kuna jambo jingine letu, ambalo lazima niliseme maana ndilo lililotaka kuua watu. Mtu mzima akikosea mbele za watu, sisi hatumwambii. Unakohoa. Unaangalia pembeni. Unamtafuta shemeji wa shangazi yake, naye akamdokeze kwa mzunguko wiki ijayo. Wali ukiungua kwenye karamu tunausifia mchuzi. Tunaita hiyo adabu, na mara nyingi ni adabu kweli, sikatai.

Sasa, Teryo. Teryo ana basi dogo la abiria kumi na wawili, alilinunua miezi minne kabla ya siku ninayosimulia, kutoka kwa mtu wa pwani ambaye sitaki hata kumtaja. Hakulinunua kwa biashara. Mke wake, Edelyn, figo zake zilikufa akiwa na miaka thelathini na tisa. Kila Jumanne na Ijumaa lazima afike jiji la Cagayan, kilomita tisini na kitu, alale saa nne kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa sababu mashine za hapa kwetu zilikuwa zimejaa na orodha ya wanaongoja ilikuwa ndefu. Akikosa siku moja miguu inavimba. Akikosa mbili hawezi kulala chali, anahema kama aliyekimbia. Wagonjwa wengine watatu hupanda naye. Teryo alikuwa akilipiga lile basi kofi la upendo kwenye bodi na kusema, "Hili ndilo figo la mke wangu." Alilisema kwa mzaha, lakini lilikuwa hivyohivyo.

Jumatatu mchana alilileta kwangu kumwaga oili. Nilipofungua filta ya zamani ilinigomea, ikatoka kwa mguno. Kwenye kile kishina chenye uzi kama wa skrubu, pale injini inapopokea filta, nilikuta vipande vya tepu, ile nyeupe nyembamba wanayozungushia mafundi bomba maji yasivuje. Ilikuwa imegeuka nyeusi kwa oili. Nikajiuliza, tepu ya bomba, hapa? Kisha nikaifuta yote kwa kitambaa, kwa kuwa mimi ni fundi msafi, na usafi wangu siku ile ulikuwa ujinga mtupu.

Teryo akatia ile ya zamani mfukoni, akavuka barabara. Akarudi na mpya, pacha wake, kwa upana, kwa raba, kwa kila kitu. Niliipaka raba oili kidogo nikaanza kuizungusha.

Ilicheza. Filta iliyo sahihi inauma uzi tangu mzunguko wa kwanza, unaisikia kwenye vidole. Hii ilikuwa ikiingia kilegelege kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Raba ilipogusa injini nikakaza robo tatu ya mzunguko, ikashika. Nikatia oili mpya, nikawasha, nikaangalia dakika tano. Hakuna tone.

Nikatazama ng'ambo ya barabara. Nang alikuwa kaunta na wateja wanne, anacheka nao. Yeye ndiye aliyeilinganisha. Mimi nani hata nivuke, nisimame mbele ya watu wanne, niseme, "Nang, filta uliyotoa inacheza"? Mtu aliyenipa jina mjini? Nilipangusa mikono.

"Tayari, kaka," nikamwambia Teryo.

Niliogopa, na wala sikumwogopa yeye. Niliogopa kuuona uso wake ukishuka. Basi nikauokoa uso wa Nang Piyang, nikaliacha figo la Edelyn liende barabarani likiwa limeshikiliwa na nusu ya uzi.

Jumanne saa tatu asubuhi walipita, Teryo akapiga honi mara mbili kama kawaida yake, Edelyn akanipungia mkono. Nilipunga. Nilikuwa nimelala vibaya, nikajiambia ni kahawa.

Robo saa baadaye nilimwona Nang anavuka barabara. Nang havuki barabara saa za kazi. Akikuhitaji hupiga kelele, na lori likipita anangoja kisha anapiga tena. Nikajua.

Mkononi alikuwa na filta ya zamani ya Teryo. Huziweka usiku kucha zikiwa zimepinduliwa juu ya karai ili zimwage oili, asubuhi anauza vyuma chakavu. Ile ilikuwa imekauka, na ndani ya uzi wake kulikuwa na kipande cha tepu, kirefu kama ukucha.

"Wency. Nani anaweka tepu ya bomba kwenye filta ya oili?"

"Mtu ambaye filta yake inacheza, Nang," nilisema kwa sauti ndogo.

Alisimama hapo juani akiigeuza ile filta. Nang ana akili nyepesi, nilimwona akifika mwisho wa hesabu kabla sijamaliza kumeza mate.

"Kumbe. Aliyemuuzia alikuwa na filta ya milimita ishirini na injini ya robo tatu ya inchi. Akaijaza tepu mpaka ikabana. Na mimi nikapewa ile iwe sampuli. Nimelinganisha kosa na kosa mwenzake, yakafanana vizuri kabisa." Akatoa simu kifuani. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. "Hapokei. Simu ya Teryo hukaa kwenye mkoba wa mkewe, na wakivuka kijiji cha Dalwangan mtandao unapotea. Washa pikipiki."

"Na duka?"

"Duka lina mlango!"

Alifunga, akarudi na filta moja kwenye mfuko wa gauni, galoni ya oili mkononi na zile bolti mbili shingoni kama rozari. Akajitia haraka kofia ngumu niliyompa, akapanda nyuma yangu, upande mmoja, kama wanavyopanda kina mama.

Njia nzima alikuwa akinipigia kelele sikioni, mara kaza mwendo, mara unataka kuniua. Dalwangan, pale Teryo anapomchukua mgonjwa wa tatu, tulikuta dimbwi la oili barabarani, upana wa sahani. Lilikuwa jipya. Nang alinyamaza. Kutoka hapo palikuwa na matone, kisha matone yaliyokaribiana, kisha mstari. Mbele yetu kulikuwa na Atugan, ule mteremko wa makona unaoshuka hadi darajani, bonde upande mmoja na ukuta wa mwamba upande wa pili. Injini ikikauka oili na kukwama pale, usukani unakuwa mzito, breki nazo zinakuwa ngumu, na chini ni mbali. Sijawahi kuendesha pikipiki vile. Nilikuwa nasema moyoni, Mungu wangu, nirudishie jana mchana, dakika moja tu.

Tuliwakuta kona ya pili. Basi limeegeshwa ukingoni, jiwe mbele ya gurudumu. Wagonjwa walikuwa wameketi kwenye majani. Edelyn alikaa kwenye ngazi ya mlango na shali mabegani. Teryo alikuwa ameshafungua boneti, chupa ya oili mkononi, anataka kuongeza aendelee, kama tunavyofanya wote.

"Usiwashe!" Nang aliruka kabla sijasimama vizuri. "Teryo, usiwashe!"

"Nang? Umefikaje hapa?"

"Taa ya oili iliwaka?"

"Iliwaka, nikasema taa ni mbovu. Huyu ndiye aliyenisimamisha." Akamnyooshea mkewe kidevu.

"Nilisikia harufu ya oili inaungua," Edelyn alisema. "Yeye anasema ni lori la mbele. Nikamwambia simamisha. Anasema tutachelewa. Nikamwambia Teryo, simamisha, la sivyo nafungua mlango huu."

Nang alivuta pumzi. Kisha akasema kwa sauti yake ya kaunta, mbele ya wote, "Nimekosea filta. Ni mimi. Sampuli uliyoniletea ilikuwa ya uongo, nami nikaiamini bila kuja kuitazama injini. Nisameheni mimi mzee."

Nilingoja kitu kitokee. Hakuna kilichotokea. Mzee mmoja kati ya wagonjwa alikuwa anamenya karanga, akaendelea kumenya. Teryo alikuna kichwa.

"Sasa inatengenezeka?" akauliza.

"Inatengenezeka," Nang alisema. "Wency, ingia chini. Na mimi naingia."

"Nang, gauni lako..."

"Gauni limekosa nini? Songa."

Basi tukalala chali chini ya basi, mimi na mwanamke wa miaka sitini na moja, majani yakituchoma migongo. Filta niliitoa kwa vidole viwili, ilikuwa imebaki imening'inia. Nang alinyoosha mkono, akakipapasa kile kishina, akalinganisha na bolti yake ndogo shingoni.

"Robo tatu," akasema. "Ningekigusa jana mara moja tu, tusingekuwa hapa." Akanipa filta aliyokuja nayo. "Funga. Uniambie mkono unasikia nini. Usinitazame usoni, niambie mkono."

Nikazungusha.

"Inauma, Nang. Tangu mwanzo inauma."

"Na ya jana?"

Chini ya gari mtu unaweza kudanganya vizuri, maana giza na oili vinakusaidia. Nilikuwa na uongo wangu tayari mdomoni. Lakini miguu ya Edelyn ilikuwa pale ngazini, hatua moja kutoka kichwani pangu, ndani ya ndara za plastiki, tayari imeanza kuvimba kama inavyovimba kila Jumanne kabla ya mashine.

"Ya jana ilikuwa inacheza," nikasema.

"Na tepu?"

"Niliiona. Nikaifuta."

Tone la oili lilianguka kwenye shati langu, kisha lingine. Nilitamani Nang anipige.

"Kwa nini hukuvuka barabara?"

"Ulikuwa na wateja wanne."

"Wanne!" Alijaribu kuinuka akagonga kichwa kwenye ekseli, ndiyo ikamwongezea hasira. "Niaibike mbele ya watu wanne, au watu watano watumbukie Atugan, na wewe ukachagua Atugan! Nani alikufundisha hesabu, Wency? Miaka kumi na minane nawaambia watu wewe unafunga vizuri! Kufunga vizuri ni pamoja na kufungua mdomo!"

"Nilikuonea haya, Nang. Nilikuheshimu."

"Punguza heshima basi!"

Teryo alikuwa amechuchumaa pembeni, amesikia yote. Nilitoka chini ya gari bila kujua niuweke wapi uso wangu. Yeye alinitazama tu, mikono imelegea, na nadhani angekuwa mtu mwingine angenikaba. Aliyesema alikuwa Edelyn.

"Kaka Wency," alisema, wala hakupandisha sauti. "Unaona huu mkono?" Akakunja shali. Ule mkono una vinundu kutoka kiwiko hadi kifundo, alama za sindano juu ya alama. "Mara mbili kwa wiki wananichoma sindano mbili, nene. Nesi wangu ni binti wa mwalimu wangu wa kwanza, mtoto mpole, ana haya. Akikosa mshipa namwambia hapo hapo, umekosa, mwanangu, itoe. Anaitoa, anajaribu tena. Kuna siku amekosa mara tatu, wodi nzima inatazama. Hajafa. Nikimwonea haya yule mtoto, nitakufa mimi."

Kisha akauliza, "Saa ngapi sasa?" Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, kwa sababu lilikuwa swali la kawaida la mtu mwenye miadi.

"Saa nne na dakika ishirini," nikasema. "Nisamehe, dada."

"Mimina oili," akasema.

Nikamimina. Nikatandika boksi la kadibodi chini ya injini, Teryo akawasha. Taa ya oili ikawaka, ikazima. Nilimwambia akanyage, akakanyaga, nikaingia tena chini na kupapasa mzunguko wote wa raba. Pakavu. Dakika tano, pakavu. Nilitoa kadibodi nikawaonyesha wote, abiria mmoja mmoja, kama karani wa uchaguzi anayeonyesha karatasi ya kura. Mzee wa karanga aliikagua kwa makini akaafiki kwa kichwa.

Walishuka kuelekea darajani taratibu, nasi tukasimama tukilitazama basi mpaka likapanda upande wa pili.

Tukarudi mjini. Nang alifungua duka, nami nikafungua gereji, na hakuna kazi niliyoifanya. Mchana nilileta mahindi yangu na samaki mkavu kaunta kwake, nikala nimesimama. Hakunifukuza. Wateja waliingia na mifuko yao ya plastiki, yeye akawahudumia, lakini niliona kila sampuli anaichungulia ndani ya uzi kwa tochi ya simu, na mara mbili alimtoa mtu nje amwonyeshe gari lenyewe. Mmoja alinung'unika kwamba gari liko mbali, kule soko la mboga. Nang alimwambia, "Basi na filta iko mbali."

Saa saba kasoro kidogo simu yake ililia. Alisoma akiwa ameishika mbali na macho, kisha akakaa kwenye kiti chake cha plastiki, akanipa mimi nisome. Ilikuwa ya Edelyn: *Tumefika. Nimeshalala kwenye mashine. Mshipa umepatikana mara ya kwanza.*

Nilitokwa na machozi, sioni sababu ya kuficha. Nang alijifuta jasho kwa kitambaa cha oili, akabaki na mstari mweusi shavuni.

"Kuna jingine unalonificha?" akaniuliza.

Kaunta ilikuwa na wateja sita, na wote walikuwa wakitusikiliza.

"Lipo," nikasema. "Ile kofia ngumu ya pikipiki uliivaa mbele nyuma. Kwenda na kurudi."

Wale sita walicheka, mmoja mpaka akaangusha filta yake ikamwaga oili sakafuni, na mwingine akaniuliza kama niliona haya kupita naye katikati ya mji. Shingo ya Nang ilipanda wekundu hadi masikioni. Uso wake ulishuka, uleule uso niliouogopa, niliuona kwa macho yangu. Ukakaa hapo kidogo, kisha ukapanda tena.

"Umeona?" akaniambia. "Sijafa."

Akamgeukia yule aliyekuwa bado anacheka. "Na wewe, meno nje, gari lako liko wapi? Twende nikaliguse."